Bata Bukini wa Sehemu ya Pili

Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, siku chache kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martini, Ottilie Grauert alikuwa jikoni akimenya viazi vya kutengenezea madonge ya kuchemsha. Kila alipomaliza kiazi alifuta mikono kwenye aproni, akaenda sebuleni, akapiga noti mbili tatu kwenye piano, kisha akarudi kwenye viazi. Sisi wa Mühlbrück tulishazoea. Ukipita chini ya dirisha lake ulisikia kipande cha muziki, halafu kimya cha kiazi, halafu kipande kingine. Hivyo ndivyo utungo mzima ulivyotungwa, na ulikula viazi vingi.

Ulikuwa utungo wa piano peke yake, wenye sehemu tano, ukiitwa Siku Nyumbani. Sehemu ya kwanza ilikuwa asubuhi, ya pili bata bukini, ya tatu siku ya kufua, ya nne baba yao marehemu. Ya tano ilikuwa Ottilie mwenyewe, ingawa kwa kuona haya aliiita tu Jikoni. Alipoucheza pale nyumbani hakuna aliyegundua lolote, maana vitu vyote vilikuwa nyumbani tayari. Bata aliingia ndani kutoka uani, Ottilie akadhani ni bata anayependa muziki. Baba yake alikuja akakaa kwenye kiti chake, lakini marehemu Traugott Grauert alikuwa na kawaida ya kupitia nyumbani saa ya kahawa tangu mwaka aliozikwa, kwa hiyo hilo nalo halikuwa geni.

Ottilie alitaka kitu kimoja tu. Bwana Zschoche, mchapishaji wa muziki kutoka Leipzig, alikuwa anakuja kuusikiliza utungo huo kwenye ukumbi wa mji, na akiupenda ataupeleka kwa wachonga mabamba ya kuchapia noti, uchapwe na kuuzwa nchi nzima. Ottilie alitaka jina lake liwe kwenye jalada. Alishalichora jalada lile kichwani mara nyingi, mpaka alijua na ukubwa wa herufi.

"Majina yote mawili," alimwambia kaka yake Leberecht, aliyekuwa amekaa mezani akisubiri chakula. "Lako na langu." Leberecht alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, kazi aliyoachiwa na baba yao, aliyekuwa kantori, yaani mwalimu wa kwaya. Alikuwa na vidole virefu, na alijua kuongea na wake za wakubwa, ila kichwani mwake hazikuwahi kutoka noti nne zikafuatana. Hakuwa mtu mbaya. Alizoea tu kwamba vitu huja mezani vikiwa tayari.

"Langu linaanza," alisema dada yake.

"Dada, mimi ndiye nitakayecheza. Wewe mbele za watu vidole vinakufa ganzi, unajijua."

"Vinakufa ganzi kwa maji ya kufulia nguo zako."

"Haya, lako lianze. Umeridhika? Madonge yako wapi?"

Jirani yao, Mama Pöschel, mjane wa mwoka mikate, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kuazima chumvi, akayasikia yote. Leberecht alipokwenda kujilaza alimwambia Ottilie, "Huyo akikuambia mvua inanyesha, toka nje kwanza ukahakikishe."

"Ameahidi, Mama Pöschel."

"Hata marehemu mume wangu aliahidi kuacha bia," alisema Mama Pöschel, akachukua chumvi yake akaenda zake.

Siku yenyewe ilipofika, Ottilie hakwenda ukumbini. Desturi yetu ni kwamba nyumba ya mpigaji ndiyo inayotoa keki za mapumziko, na nyumba ya Grauert ilikuwa na mikono miwili tu inayojua kukanda. Akabaki jikoni na unga wake. Leberecht alivaa koti jeusi, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia asisahau zabibu.

Ukumbi ulijaa. Meya alikuwepo na mkewe, wakili Nötzold alikuwepo, na karani wa forodha, na Bwana Zschoche kiti cha mbele, fimbo yake katikati ya magoti. Leberecht akainama, akakaa, akaanza.

Sehemu ya kwanza ilileta harufu ya kahawa. Ilikuwa ile kahawa yetu nyepesi, ambayo ukiitazama unaliona ua lililochorwa ndani ya kikombe, chini kabisa. Watu wakajiegemeza vizuri.

Ya pili ilipoanza, bata bukini alitoka nyuma ya piano, akawatazama watu mstari kwa mstari, akaenda moja kwa moja kwa karani wa forodha na kumng'ata mguu. Bata huyo tulimfahamu. Alishamng'ata karani huyohuyo mwezi wa tisa, kwenye geti la nyumba ya Grauert. Karani alisogeza kiti kidogo na kuendelea kusikiliza.

Ya tatu ilitandaza kamba za nguo ukumbi mzima, ukuta hadi ukuta, na nguo mbichi juu yake zikidondosha maji. Kwetu kufua kukubwa hufanywa mara chache kwa mwaka, kwa hiyo zilikuwa nyingi kwelikweli. Mke wa meya alifungua mwavuli. Juu ya kichwa cha Bwana Zschoche ilining'inia chupi ndefu ya Leberecht, ya sufu, imetariziwa herufi za jina lake kwa uzi mwekundu, tarizi ambayo kila mwanamke mle ndani aliijua ni ya mkono wa Ottilie. Bwana Zschoche aliisogeza kando kwa fimbo.

Sehemu ya nne ilimleta marehemu. Aliingia na nguo alizozikwa nazo, akakaa kiti cha mchungaji, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua. Alisikiliza kwa makini, kiganja nyuma ya sikio, na noti ya mwisho ilipozimika akasema kwa sauti yake ileile ya kufundishia kwaya:

"Hii ni ya Ottilie."

Leberecht alibaki na mikono juu ya piano. Masikio yake yaligeuka mekundu.

"Nilikuwepo akiitunga," baba aliendelea. "Sehemu yangu ameibadilisha mara tatu kwa sababu ya kikohozi changu, alitaka kitoke sawasawa. Huyu kijana wangu nampenda, lakini huyu hata kengele ya mbuzi hawezi kuitungia."

Wakili Nötzold alisimama, akasafisha koo. "Kwa heshima zote, Bwana Kantori. Sheria iko wazi. Aliyekwisha kuzikwa hatoi ushahidi juu ya mali ya walio hai. Tukiruhusu leo kwa muziki, kesho makaburi yote yatakuja kudai mashamba."

Watu wenye mashamba waliitikia kwa vichwa.

"Mimi sidai shamba, Nötzold. Nakuambia nani kaitunga."

"Nimekusikia, mzee. Na nakuheshimu, ulinifundisha kuimba. Ila huna nafasi kisheria."

"Wala kuimba hukujua," alisema marehemu. Wakampa kahawa. Akaiangalia ndani ya kikombe, akasema analiona ua, akainywa.

Leberecht hakuwa na la kufanya ila kuendelea. Akaanza sehemu ya tano, na Ottilie akatokea jukwaani, kando ya piano, aproni kiunoni na unga hadi kwenye viwiko. Sekunde moja kabla alikuwa jikoni kwake, mitaa miwili kutoka pale. Alizitazama nguo. Alimtazama bata, na baba yake kwenye kiti cha mchungaji. Akaelewa mara moja kinachoendelea, na furaha ikamjaa kifuani. Alijiambia, basi yamekwisha, wameona wenyewe. Nani mle ndani hakumjua bata yule? Nani hakuijua tarizi ile? Akasimama pale akisubiri mtu wa kwanza aseme.

Wa kwanza kusema alikuwa mke wa meya. Alisimama chini ya mwavuli wake, machozi yanamlengalenga.

"Jamani," alisema, "sijawahi kuona kaka anayempenda dada yake namna hii. Hata nguo anazofua amezitia kwenye muziki."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Na bata," alisema karani wa forodha, akijifunga leso mguuni. "Mwanamume kumchunguza bata kwa makini hivyo, siyo kazi ndogo."

"Nimetunga mimi," alisema Ottilie.

"Wewe ndiye uliyempa mawazo, mpenzi, tunajua," alijibu mke wa meya. "Bila wewe angetunga nini, masikini?"

Ottilie akamgeukia kaka yake. "Leberecht. Waambie."

Leberecht alitazama vibonye vya piano. Mle ukumbini alikuwepo meya, ambaye ndiye aliyekuwa anatafuta mkurugenzi wa muziki wa mji. "Tutaongea nyumbani," alisema.

Bwana Zschoche alikuja mbele, mkarimu kabisa, akamshika Ottilie mkono bila kujali unga. "Bi Grauert, mimi sibishani na mtu. Lakini biashara naijua. Muziki wenye jina la mwanamke madukani huwekwa rafu ya mazoezi ya watoto. Sasa humu mna bata. Huyu bata tukimweka kwa watoto atawang'ata."

Kwa kuwa Ottilie alishafika, wakamwomba aanue nguo na ampeleke bata nyumbani. Baba yake alimsaidia kushika vibanio. Walitembea pamoja hadi kwenye geti, Ottilie na kapu la nguo na bata kwapani.

"Nimesema," alisema baba yake.

"Nimesikia, Baba."

"Lakini nimekufa."

"Najua, Baba."

Leberecht aliporudi alisema wataongea kesho. Kesho ilikuwa kesho kila siku, mpaka ikafika sikukuu ya Mtakatifu Martini, wakamla bata kwa kabichi nyekundu, kama ilivyo desturi ya siku hiyo. Ottilie alikula paja moja, akalia kidogo, akaosha vyombo.

Kitabu kilitoka baada ya mwaka mpya. Leberecht alikuwa amekagua machapisho ya majaribio peke yake, kwa kumwonea dada yake huruma asichoke macho. Juu ya jalada palikuwa na Siku Nyumbani, na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule alioujua Ottilie, Leberecht Grauert. Chini kabisa, kwa maandishi ya kujipinda, palikuwa na maneno: Kwa dada yangu mpendwa.

Ottilie alilisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi. Supu ikachemka ikamwagika.

"Umenizawadia kitu changu," alisema.

"Watu wengi wangefurahi."

"Na jina langu halimo."

"Limo, dada. Mimi nina dada mwingine?" Leberecht alisema hivyo kwa upole, na aliamini kabisa. Mwezi uleule akapewa ukurugenzi wa muziki.

Lakini wa kwanza kununua kile kitabu alikuwa binti wa mfinyanzi, mtaa wa pili. Alipocheza sehemu ya pili, yule bata aliyeliwa pamoja na kabichi akatoka nyuma ya piano yake, mzima, amenuna. Familia ya mfinyanzi walimtazama, wakatazamana, wakamchinja. Jumapili iliyofuata akacheza tena, bata akaja tena, na alikuwa na mafuta yaleyale. Habari hizi hazikai. Kufika Pasaka, nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kucheza piano zilikuwa zimeshaajiri mwalimu. Bwana Zschoche akachapa tena, halafu tena, na wauza bata wa sokoni walilalamika hadi halmashauri ya mji ikapiga marufuku sehemu ya pili siku za Jumamosi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Mühlbrück, watu wazima walikuwa wanafanya mazoezi.

Kila mtu ajuaye jiko anajua kwamba taabu ya bata bukini si kumchinja, ni kumnyonyoa. Ana manyoya ya juu na manyoya ya chini, na yale ya chini yanaingia puani. Wenye vitabu wakagundua wenyewe kwamba ukicheza sehemu ya pili kwa ajili ya bata, halafu ukaruka mbele ukacheza ya tano, anakuja mwanamke na aproni.

Ottilie akawa anachukuliwa. Alikuwa anasuka nywele, akajikuta mji wa Zwickau. Alikuwa kanisani, akajikuta Chemnitz, mbele yake bata, na mama mwenye nyumba akimwonyesha beseni. Muziki ulileta, haukurudisha, kwa hiyo alirudi kwa gari la farasi la posta, na mara nyingi hakufika nusu ya njia kabla nyumba nyingine haijaanza sehemu ya tano. Abiria wa gari la posta walizoea kiti chake kubaki wazi ghafla, wakawa wanaweka mizigo hapo. Wenyeji walikuwa wema. Walimpa nauli, walimpa maini ya bata kwenye karatasi. Wakamwita mama wa bata.

Na kila mahali alifika na kiatu kimoja. Hilo lilikuwa kosa la Leberecht. Katika kukagua hakuona kwamba mchonga mabamba ameruka alama moja, kwenye mkono wa kushoto wa sehemu ya tano, alama ya kupandisha noti nusu. Kwa noti hiyo moja kukaa chini, kiatu cha kushoto cha Ottilie kilibaki nyumbani kila safari. Mama Pöschel alipita kila jioni kukitazama pale kwenye zulia, akakifuta vumbi.

Leberecht naye alipata taabu. Hakuwa na wa kumpikia. Ilimbidi kila siku saa tano na nusu akae kwenye piano, mkurugenzi wa muziki mzima, acheze sehemu ya tano ili dada yake aje kupika chakula cha mchana. Siku nyingine watu wa Freiberg walimwahi kumchukua dada, akala mkate mkavu. Kwa mazoezi haya akawa mpigaji mzuri sana, na watu wa Dresden wakamwita kwenda kucheza mbele ya wakubwa. Bata alimng'ata jenerali, likawa jambo la kusifiwa.

"Kaka," alimwambia Ottilie siku moja akiwa amewasili kupika, soksi moja imelowa matope ya Plauen. "Mwandikie Zschoche arekebishe."

"Jina?"

"Noti. Mguu unaniuma. Na jina."

"Noti nitamwandikia," alisema Leberecht. "Hilo lingine tutaongea." Hata noti hakuandika, maana alikuwa na safari nyingi. Ottilie akanunua kalamu ya risasi, akaichomeka kwenye nywele, na tangu hapo alisafiri nayo.

Jumapili moja alipelekwa Freiberg, nyumbani kwa Bi Seifert, mwanamke kijana aliyeolewa na muuza dawa wakati wa mavuno. Bata alikuwa ameshafungiwa jikoni, anasikika akipiga sufuria. Mume alikuwa amejilaza na gazeti usoni.

"Karibu, mama wa bata," alisema Bi Seifert akiinuka kwenye kiti cha piano. "Jikoni ni huku."

"Hapa kwanza," alisema Ottilie. Akachechemea hadi kwenye piano, akafungua ukurasa wa mwisho, akatoa kalamu kwenye nywele na kuweka alama. "Mkono wa kushoto. Hii hapa ipande nusu. Cheza uone."

Bi Seifert akacheza. Kiatu cha kushoto kikaanguka karibu na jiko la kupashia chumba joto, kimefutwa vumbi vizuri. Wote wawili wakakitazama. Ottilie akakaa chini akakivaa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka mpya miguu yote miwili ilikuwa na joto ugenini.

"Kweli ni nzuri zaidi hivi," alisema Bi Seifert. Akairudia ile sehemu taratibu, mdomo umefunguka kidogo, na Ottilie alisikia muziki wake ukichezwa na mtu anayeusikiliza. "Wewe umejuaje?"

"Nimeitunga mimi."

Bi Seifert akamtazama, aproni, kalamu, mikono iliyopasuka kwa maji ya kufulia. Hakuwa mjinga, na hakuwa na dharau. Ungeweza kuona kwamba kwa muda kidogo alikaribia kabisa kuamini. Kisha akafunga kitabu ili aone jalada, akapitisha kidole kwenye herufi kubwa.

"Hapa pameandikwa Leberecht Grauert."

"Ndiyo. Nimepaona."

Kidole kikashuka hadi chini kabisa, kwenye yale maandishi ya kujipinda. Bi Seifert akayasoma kwa sauti, akatabasamu, macho yakalainika.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Una kaka mwema sana."

Ottilie aliichomeka kalamu kwenye nywele. Jikoni bata alikuwa ameangusha kitu.

"Maji yameshachemka?" aliuliza.

Yalikuwa yameshachemka.